Nyumba ya Watu Wawili Walioachana

Mume na mke wakiachana mbele ya tribinali, watu wengi hudhani ya kwamba mambo yao yamekwisha siku ile. Hakimu amesema, karani ameandika, ndugu wa pande zote mbili wamerudi makwao. Lakini nyumba haikuondoka. Yasimama palepale, yenye kuta zake na mabati yake na mwembe wake uani, nayo ingali mali ya watu wawili wasiokaa pamoja tena. Nani atakaa ndani yake? Nani atashika ufunguo? Ikiuzwa, nani atapokea fedha, tena kiasi gani? Hapo ndipo wengi hupotea njia, mmoja kwa kiburi, mwingine kwa woga.

Neno hili si la mahakimu peke yao. Ni neno la dhamiri, kwa maana kila mara mali ya watu wawili igawanywapo, amri ya saba ipo, hata kama polisi hayupo. Nalo huwa zito zaidi pale ambapo mmoja wa wawili hao alizoea kumtawala mwenzake kama mtumwa.

1. Je, Kanisa laruhusu kutengana?

Mkatekumeni aweza kushangaa na kuuliza: "Kanisa halifundishi ya kwamba ndoa haivunjiki?" Ndiyo, lafundisha hivyo, wala halikugeuza fundisho lake. Ndoa ya watu wawili waliobatizwa, iliyofungwa halali na kutimizwa, haiwezi kufunguliwa na hakimu, wala na chifu, wala na baraza la ukoo. Kifo peke yake chaifungua.

Lakini kifungo cha ndoa ni neno moja, na kukaa chini ya paa moja ni neno jingine. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, yakubali ya kwamba mtu amtiaye mwenzake wa ndoa au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, ampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2383, yaongeza ya kwamba talaka ya serikali yaweza kuvumiliwa, pasipo kosa la dhamiri, ikiwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani, au malezi ya watoto, au urithi. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, namba 241, alifundisha ya kwamba mara nyingine kutengana kwaweza hata kuwa lazima, ili aliye dhaifu, au watoto wadogo, waondolewe katika mateso makubwa.

Hata hivyo, karatasi ya talaka haimpi Mkristu ruhusa ya kuoa au kuolewa tena, ikiwa ndoa yake ni halali mbele ya Kanisa. Kazi ya karatasi hiyo ni kulinda haki zake katika nchi. Na sehemu yake ya nyumba ni mojawapo ya haki hizo.

2. Utawala usiotaka kwisha

Kuna watu watawalao wenzao bila kuinua fimbo. Mume wa namna hii hupima unga wa kila siku, huhesabu hata chumvi. Mkewe akienda kisimani, humwuliza kwa nini amekawia. Simu ya mke huchunguzwa kila jioni. Ndugu zake wakija kumwamkia, hukaripiwa mpaka wasirudi tena. Fedha ya mihogo aliyoiuza sokoni yampasa kuitoa yote mkononi mwa mume, kisha aombe franka za sabuni. Wapo wanawake pia wawatendeao waume zao hivyo, wakiwafunga kwa matusi na kwa vitisho vya ukoo, kwa maana dhambi haichagui mwanamume wala mwanamke. Mtu aliyetawaliwa miaka mingi husahau hata kujiuliza ataka nini yeye mwenyewe. Kabla ya kusema neno lolote, hutazama kwanza uso wa mwenzake.

Talaka ikitoka, mtawala huona kamba zote zimekatika isipokuwa moja. Mke hakai tena naye, fedha yake haifiki tena mkononi mwake, simu yake haioni tena. Imebaki nyumba, nayo haiwezi kuuzwa vizuri bila yeye. Basi huishika kamba hiyo kwa mikono miwili.

Njia zake ni nyingi, wala ubaya wake hauonekani upesi. Hutaja bei kubwa mno kwa makusudi, ili asipatikane mnunuzi. Mnunuzi akija, humvuta kando na kumnong'oneza ya kwamba nyumba ina kesi. Huficha hati. Husema, "Nitatia sahihi, lakini aje yeye mwenyewe, peke yake, tuzungumze". Naye akija, hapati sahihi, apata maneno yaleyale ya zamani. Mara nyingine hutaka kufanya watoto kuwa bei: "Niachie watoto, nami nitakuachia nyumba." Au huiuza kwa siri kwa ndugu yake, kwa fedha kidogo, kisha husema ya kwamba fedha hiyo imekwisha kwa madeni.

Mtu wa nje aonaye mambo hayo husema ni ubishi wa biashara tu. Lakini mfanya biashara hufurahi akilipwa. Mtu huyu akiletewa fedha huhuzunika, kwa maana siku atakayoipokea ndiyo siku ya mwisho ya utawala wake.

3. Nyumba ni ya nani?

Wengi husema: "Nyumba ni ya mume, maana fedha ya mabati ilitoka kwake." Wasemao hivyo na wakumbuke jinsi nyumba ijengwavyo. Nani alichota maji ya kukandia udongo? Nani alibeba kuni za tanuru la matofali? Nani aliwapikia mafundi ugali na sombe kila siku mpaka paa likakamilika? Nani alilima shamba lililowalisha watoto, wakati mshahara wa mume ulipokuwa ukinunua saruji? Kazi hizo hazikuandikwa katika risiti ya duka, lakini zimo ndani ya kuta.

Sheria ya Kongo nayo yalijua jambo hilo. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yatambua namna 3 za kupanga mali ya mume na mke: kila mmoja kuwa na mali yake mbali, kushirikiana mali iliyochumwa katika ndoa, au kushirikiana mali yote pia. Wasipochagua, wahesabiwa kuwa wamechagua namna ile ya pili. Maana yake ni hii: shamba ambalo mtu amelirithi kwa baba yake hubaki lake, lakini nyumba iliyojengwa au kununuliwa wakati wa ndoa kwa jasho la wote wawili ni ya wote wawili, hata kama hati yataja jina moja tu. Hapo kwanza sheria hiyo ilimtaka mke apate kibali cha mumewe kabla ya kutia sahihi katika mambo ya sheria. Neno hilo liliondolewa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016.

Lakini hakimu huhukumu kwa vitabu vya serikali. Ndoa iliyobarikiwa kanisani tu, au iliyofungwa kimila tu, isiyoandikwa kwa mwandishi wa serikali, yaweza kukosa nguvu mbele ya hakimu. Kwa hiyo wachumba wajitayarishao kwa sakramenti ya ndoa wasidharau karatasi hiyo, wala wasidhani ya kwamba kuitafuta ni kukosa imani. Mtu huweka mfuniko juu ya mtungi wakati maji yangali safi.

Tena ifahamike nini kiuzwacho. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Taifa. Mtu auza nyumba yake, pamoja na haki aliyopewa juu ya kiwanja. Haki iliyo na hati ya serikali haihami kwa kupeana mikono, wala kwa kipande cha daftari. Yahama siku ile mtunza hati za ardhi aandikapo hati mpya kwa jina la mnunuzi. Hati hiyo ikitimiza miaka 2, sheria hairuhusu tena kuivunja. Basi mtu asikiaye ya kwamba nyumba yake inauzwa kwa siri asikae akilia nyumbani kwa shangazi yake. Yampasa kufika mapema kwa mtunza hati na kwenye tribinali, kabla siku hazijampita.

4. Je, kukataa kutia sahihi ni dhambi?

Si kila kukataa ni dhambi. Mtu aweza kukataa bei iliyo ndogo mno, au mnunuzi asiyeaminika, au kuhamisha watoto katikati ya mwaka wa shule. Kukataa kwa sababu ya kweli, iliyosemwa wazi, ni haki ya mwenye mali.

Sababu ya kweli yajulikanaje? Kipimo chake ni chepesi. Mwenye sababu ya kweli aweza kusema atakubali nini: bei fulani, mwezi fulani, mnunuzi wa namna fulani. Yakitimizwa hayo, hutia sahihi. Mtawala hawezi kutaja, au akitaja hugeuza. Akiletewa bei aliyoitaka jana, leo ataka nyingine. Hapo hakuna sababu. Pana kamba tu.

Na kukataa kwa namna hiyo ni kuvunja amri ya saba. Katekisimu, namba 2401, yaonyesha ya kwamba amri hiyo yakataza mambo mawili: kutwaa mali ya mwenzako pasipo haki, na kuizuia pasipo haki. Mwizi wa usiku hubeba mbuzi akaenda naye. Mzuiaji humwacha mbuzi zizini, lakini afunga mlango, mwenye mbuzi asipate maziwa wala nyama wala bei yake. Mama akaa na watoto katika chumba cha kupanga, fedha ya shule haipo, naye ana nusu ya nyumba iliyolala chini ya ufunguo wa mtu mwingine. Mtu huyo asijisifu ya kwamba hakuiba kitu.

Wala karatasi zenye mihuri hazimtakasi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 21, mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Naboti, jirani yake, naye Naboti akakataa kuacha urithi wa baba zake. Ahabu alilala kitandani, akageuza uso, akakataa kula. Ndipo mkewe Yezabeli alipoandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akaleta mashahidi wa uongo. Naboti akapigwa mawe, na shamba likatwaliwa. Barua zilikuwa na muhuri wa kweli, mashahidi walihesabiwa wawili kama sheria ilivyotaka. Lakini nabii Eliya alipotumwa kwa mfalme, hakuulizwa habari ya muhuri. Alitumwa kumshitaki kwa kuua na kutwaa.

Mkristu aliyezuia haki ya mwenzake asifikiri ya kwamba kuungama kwa mdomo kwatosha. Kosa la mali lataka malipizi. Ndivyo Katekisimu isemavyo, namba 2412. Atubuye kosa hili na atafute kalamu, aende mbele ya mashahidi, atie sahihi.

5. Je, aliyeonewa aweza kuchukua zaidi ya nusu?

Wengine husema dawa ya moto ni moto. Mke aliyeteswa miaka 12 aona nafasi: mume amesafiri, milango yaweza kung'olewa, mabati yaweza kuuzwa, mnunuzi ameacha fedha ya kwanza mkononi mwake. Ajisemea moyoni: "Hii ni bei ya machozi yangu."

Machozi yake ni ya kweli, wala asiwepo mtu wa kumwambia hayakuwa kitu. Lakini machozi hayapimwi kwa mabati. Nani atasema machozi ya mwaka mmoja ni mabati mangapi? Akiwa mpimaji ni yeye mwenyewe, hatafika mahali pa kusema yametosha. Atakuwa kama yule mtawala ambaye hakuna bei imridhishayo. Tena kila kitu alichochukua kwa siri kitampa mwenzake sababu mpya ya kumfuata, kumshitaki, kumwita peke yake aje waseme. Aliyekata kamba moja atakuwa amesokota nyingine.

Kama alipigwa, kama alinyang'anywa mshahara, kama alitolewa nje usiku, hayo nayo yana njia yake: hakimu ayasikie, akate malipo. Hesabu ya nyumba iwe hesabu ya nyumba, na hesabu ya majeraha iwe hesabu ya majeraha. Vilevile mali ya mahari iliyotolewa kwa ukoo wa mke ina mazungumzo yake mbali. Wazee wanaochanganya hesabu hizo zote katika kikapu kimoja hawapatanishi watu, wawaongezea ugomvi.

6. Je, kusamehe maana yake ni kuacha haki?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa maana huulizwa kwa maneno ya dini. Ndugu na majirani, mara nyingine hata Wakristu wema, humwambia aliyeonewa: "Wewe ni mtu wa Mungu. Mwachie nyumba, ondoka mikono mitupu, Mungu atakulipa." Naye, akiwa amechoka, aona ni fundisho la Injili.

Yafaa kutofautisha. Kusamehe ni kuondoa moyoni chuki na tamaa ya kulipiza kisasi. Nusu ya nyumba si kisasi, ni mali. Mtu aweza kumwombea mema aliyemtesa, asimnenee vibaya mbele ya watoto, amwamkie njiani kwa heshima, na siku hiyohiyo aende tribinali kudai sehemu yake. Hakuna dhambi hapo, wala unafiki. Zaidi ya hayo, atawalaye wengine akiona ya kwamba vitisho vimemletea nyumba nzima, atajifunza nini? Atajifunza kutisha tena.

Je, mtu aweza kuacha haki yake kwa hiari? Aweza, na ni jambo kubwa. Lakini kwanza ajiulize mambo mawili. Mwenzake kama hangekuwa na nguvu ya kumdhuru, je, angaliacha vilevile? Na kile anachokiacha, je, ni chake peke yake, au ni chakula na shule ya watoto?

Watu wapendao kuhubiri kuacha haki hutaja habari ya Abrahamu na Loti, katika Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 13. Wachungaji wa mifugo yao walikuwa wakigombana, na nchi haikuwatosha kukaa pamoja. Abrahamu hakungoja vita. Alimwambia Loti achague upande mmoja, naye atashika upande mwingine. Loti akachagua bonde la Yordani lenye maji mengi. Abrahamu akabaki katika nchi ya Kanaani. Wala upendo haukufa kwa kutengana, maana Loti alipotekwa vitani, katika mlango unaofuata, ni Abrahamu aliyekwenda kumwokoa.

Habari hiyo ni njema sana, lakini isomwe vizuri. Nani aliacha haki yake? Abrahamu, naye ndiye aliyekuwa mkubwa: mjomba si mjomba, baba mdogo si baba mdogo, yeye ndiye mzee wa ukoo, na Loti ni mtoto wa ndugu yake. Aliyekuwa na nguvu ndiye aliyetoa. Hakumpeleka Loti pembeni na kumwambia, "Wewe uliye mdogo, kuwa mpole, niachie yote." Basi wenye kutaka kumfuata Abrahamu na wamwendee kwanza yule ashikaye ufunguo na hati, wamhubirie yeye. Mwenye nguvu akiacha, ametoa zawadi. Mwenye woga akiacha, amenyang'anywa, hata kama watu wanamsifu.

Neno moja liongezwe hapa. Yule akimbiaye usiku kuokoa roho yake na watoto, akaacha kila kitu nyuma, hakutenda kosa, wala asiitwe mpumbavu kwa kuacha nyumba yake. Roho ya mtu ni kubwa kuliko matofali. Lakini kwa kukimbia hakuitupa haki yake. Haki yake yamngoja, nayo jamaa ya Wakristu yapaswa kumsaidia kuidai atakapokuwa mahali pa salama.

7. Namna ya kuuza kwa amani

Maandiko Matakatifu yaonyesha mara mbili jinsi watu wa Mungu walivyofanya biashara ya ardhi. Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika Sara, Efroni alisema atampa bure. Abrahamu hakukubali, alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji, shamba na pango na miti vikatajwa. Na nabii Yeremia alipolinunua shamba la Anatoti kwa shekeli 17, alitia sahihi mbele ya mashahidi, akapima fedha katika mizani, akampa Baruku hati mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na moja iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu. Walikuwa watu watakatifu, na bado walitaka mashahidi. Basi mtu asione haya kutaka mashahidi mbele ya yule aliyemdanganya miaka mingi.

Wanaouza nyumba yao baada ya kuachana na wafuate utaratibu huu.

Kwanza, asiende mtu peke yake. Maneno yote ya nyumba yasemwe mbele ya watu wawili au watatu wenye busara, wasio wa upande mmoja. Anayemwogopa mwenzake aweza hata kutokufika. Amtume mtu mwenye barua halali ya kumwakilisha.

Pili, bei ikadiriwe na mafundi wawili wasiojuana na wenye nyumba. Kisha iandikwe: nyumba haitauzwa chini ya fedha kiasi hiki, na mwezi fulani ukifika bila kuuzwa, bei itashushwa kiasi hiki. Yaliyoandikwa mapema hayawezi kugeuzwa kila asubuhi.

Tatu, kama mmoja ataka kubaki na nyumba, hasa yule alaliaye na watoto, ainunue nusu ya mwenzake kwa bei hiyohiyo ya mafundi. Kuuza kwa mgeni si lazima.

Nne, fedha igawanywe siku moja, mbele ya mashahidi, wala asikubali mtu neno "nitakuletea kesho". Na hesabu iandikwe, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mfano: nyumba imeuzwa dola 12,000. Deni la mabati ni dola 1,400, na gharama za hati ni dola 600. Zimebaki dola 10,000. Lakini tangu waachane, mume amepangisha vyumba 2 kwa miezi 20, kila chumba dola 15 kwa mwezi, akala peke yake dola 600. Fedha hiyo nayo ni ya wote wawili. Basi jumla ni dola 10,600, na haki ya kila mmoja ni dola 5,300. Mume amekwisha kupokea 600, kwa hiyo apewe dola 4,700, na mke dola 5,300. Hakuna aliyeibiwa, wala hakuna aliyelipiza kisasi.

Tano, mmoja akikataa kila njia, mwingine asipigane naye, wala asimroge, wala asichome moto nyumba. Aende tribinali, aombe hakimu aamuru mali igawanywe. Kumpeleka mtu mbele ya hakimu kwa ajili ya haki si kumchukia.

Siku ya kutia sahihi, mtawala hupoteza kitu ambacho hakikuwa chake tangu mwanzo, maana Mungu hakumpa mtu yeyote mwenzake wa ndoa awe mali yake. Akiijua kweli hiyo, hata yeye siku hiyo aweza kuwa huru. Na aliyetawaliwa, akiondoka na nusu yake pasipo kuiba na pasipo kuibiwa, hana tena sababu ya kugeuka nyuma.

Maswali kwa wakatekumeni

1. Kifungo cha ndoa na kukaa chini ya paa moja, vyatofautianaje?
2. Mtu ajuaje kama anayekataa kuuza ana sababu ya kweli?
3. Kwa nini machozi hayapimwi kwa mabati?
4. Katika habari ya Abrahamu na Loti, nani aliacha haki yake, naye alikuwa na nguvu au alikuwa na woga?
5. Kijijini, yuko mtu aliyefungiwa haki yake na mwenzake? Jamaa ya Wakristu yaweza kumfanyia nini kabla ya Dominika ijayo?